Gramu za Krashi Chini ya Mabati ya Kyela

Kyela, kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ni wilaya ya mizani. Mpunga ukishavunwa katika tambarare ya Ngonga, Ikolo na Ipinda, maneno yote huishia kwenye kilo. Kakao nayo ikishachachushwa na kuanikwa hupelekwa kupimwa, na mkulima husimama karibu kabisa na mizani, macho kwenye namba. Kilicho kizito ndicho chenye pesa. Mtu aliyekulia kwenye hesabu hiyo anapotumwa na wanakwaya wenzake kununua toazi la drumu, mkono wake hulinyanyua kabla sikio halijalisikia, na lile linalouelemea mkono ndilo linaloonekana kustahili michango ya watu.

Kwa krashi, mazoea hayo yana gharama. Krashi ni toazi linalopigwa mara chache: mwisho wa ubeti, mwanzo wa pambio, pale wimbo unapogeuka. Kazi yake ni kulipuka mara moja kisha kuondoka. Uzito ndio unaoamua litachelewa kiasi gani kuamka na litakaa kiasi gani kabla ya kunyamaza. Kwa hiyo anayechagua uzito wa krashi anachagua jambo linalowagusa waimbaji kuliko linavyomgusa mpigaji, yaani ni maneno mangapi ya mstari unaofuata yatakayomfikia bibi aliyeketi benchi la mwisho.

Toazi ni bamba la shaba iliyochanganywa na madini mengine. Matoazi ya hali ya juu huwa na takribani sehemu 80 za shaba kwa sehemu 20 za bati, lile la madini. Mengine yana sehemu 92 kwa 8. Na yale yanayokuja pamoja na drumu za bei nafuu mara nyingi ni shaba na zinki. Malighafi hizo si ngeni katika kanda hii. Shaba ya Zambia hupita Mbeya kwa reli ya TAZARA, na kwa malori yanayovuka Tunduma, ikielekea bandari ya Dar es Salaam. Madini ya bati huchimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Lakini hata matoazi mawili ya mchanganyiko mmoja na upana mmoja hutofautiana kabisa kwa sauti, na chanzo kikubwa ni unene.

Unene wa bamba ukiongezeka kwa asilimia 20, uzito nao hupanda kwa asilimia 20. Ukakamavu wake, hata hivyo, hupanda kwa zaidi ya asilimia 70, kwa sababu ukakamavu hufuata kipeo cha tatu cha unene. Bamba kakamavu hutoa sauti ya juu, huvuma muda mrefu, na hudai nguvu nyingi kuamka. Jembamba huwa na sauti nene ya chini, hufunguka kwa pigo dogo na hunyamaza mapema.

Kuna jambo jingine ndani ya pigo lenyewe. Fimbo inapogusa ukingo, toazi huanza kwa mitikisiko mipana ya taratibu. Katika sehemu ndogo ya sekunde nguvu hiyo humiminikia kwenye mitetemo midogo ya kasi kubwa, na hapo ndipo unapozaliwa ule mlipuko unaofanana na mawimbi yakivunjika. Mmiminiko huo huanza pale bamba linapocheza kwa kiasi kinachokaribia unene wake lenyewe. Krashi nyembamba hufika hapo kwa pigo la kawaida la kiwiko kilichotulia. Krashi nene haifiki mpaka mpigaji ainue mkono wote. Ikiguswa kwa upole hubaki na mlio wa kengele, mkavu na wa juu, na mlipuko uliotarajiwa hautokei. Mpigaji akishagundua hilo huanza kupiga kwa nguvu kila mara. Kutoka hapo drumu nzima hupanda sauti, gitaa la besi humfuata, kinanda humfuata, na waimbaji hulazimika kupaza sauti kushindana na vyombo vilivyoletwa kuwasaidia.

Ili kuelewa kwa nini matoazi mazito yapo hata hivyo, ni vizuri kukumbuka drumu zilitoka wapi. Chombo hiki kilizaliwa na gwaride. Katika bendi za kijeshi za Ulaya, ngoma kubwa, ngoma ndogo na matoazi vilipigwa na watu tofauti wakitembea. Mwaka 1909 William F. Ludwig wa Chicago alitengeneza kanyagio la ngoma kubwa lililofanya kazi kwa wepesi, na mtu mmoja aliyeketi akaweza kubeba kazi ya watu watatu.

Gwaride hilohilo lilifika Ziwa Nyasa kwa njia yake. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey, askari wa King's African Rifles wakiwemo, yalivuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani na kuichukua Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu. Vita vilipokwisha, vijana wa mwambao wa ziwa waligeuza mazoezi ya askari kuwa ngoma. Mganda na malipenga zina mistari iliyonyooka, hatua za kijeshi, ngoma kubwa, na vibuyu vinavyoimbiwa mahali pa tarumbeta. Mwanahistoria Terence Ranger aliufuatilia ukoo huu wa ngoma za beni, yaani ngoma zilizoiga bendi za kijeshi, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1975. Kwa upande wa kanisa, Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, na kufungua kituo cha Ipyana katika tambarare ya Kyela mwaka 1894, walitoka katika kanisa lililokuwa na desturi ya kupiga tarumbeta tangu karne ya 18.

Karibu yote hayo ni muziki wa nje. Godfrey na Monica Wilson, walioishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika juu ya misiba ambako ngoma zilidunda na vijana wakacheza katikati ya migomba. Pale mlio ulikuwa na anga lote la kupotelea. Ngoma ilipaswa kuwa kubwa na pigo zito, kwa sababu hakukuwa na ukuta wa kulirudisha. Drumu za kwaya zimekuja na urithi wa muziki wa nje, zikaingizwa ndani ya jengo la matofali lenye sakafu ya saruji na paa la mabati.

Watengenezaji wenyewe walipitia mageuzi ya namna hiyo. Ukoo wa Zildjian, Waarmenia waliotengeneza matoazi Istanbul tangu karne ya 17, ulifungua kiwanda Massachusetts, Marekani, mwaka 1929. Katika miaka ya 1930 Gene Krupa, mpiga drumu wa bendi ya Benny Goodman, alimshawishi Avedis Zildjian atengeneze matoazi membamba zaidi, kwa kuwa bendi za dansi zilihitaji toazi linaloitika haraka na kupisha tarumbeta na waimbaji. Krashi kama tunavyoijua leo ilikomaa kwenye mahitaji hayo. Baadaye, magitaa ya umeme yalipopata vikuza sauti vikubwa katika miaka ya 1960, mambo yaligeuka. Paiste ya Uswisi ilitoa matoazi yake ya 2002 mwaka 1971 kwa ajili ya muziki wa sauti kubwa, na John Bonham wa Led Zeppelin alikuwa miongoni mwa walioyapa sifa. Toazi zito lilikuwa na sababu: lilisimama kando ya magitaa yanayonguruma mbele ya maelfu ya watu. Kulileta toazi hilo Ngonga, mbele ya waimbaji thelathini na vipaza sauti vitatu, ni kulileta bila sababu yake.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa kusikiliza. Dansi la Tanzania, lile la Mlimani Park Orchestra iliyoanzishwa mwaka 1978 na la bendi nyingine za zama zake, lilijengwa juu ya mashairi. Watu walikuja kucheza, lakini walikuja pia kusikia kisa: mume na mke, mjomba na mpwa, mji na kijiji. Katika sehemu ya mwanzo, ya taratibu, tumba na haiheti, yale matoazi mawili ya kanyagio, hushika mwendo kwa upole ili neno lisipotee. Wimbo unapoingia kwenye chemko, sehemu yake ya kasi, ndipo drumu hupata ruhusa ya kujaa. Kule Kinshasa, Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa, anayetajwa kuwa ndiye aliyeupa ulimwengu mdundo wa kavacha, aliijenga kasi ya sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, juu ya ngoma ndogo na haiheti. Krashi katika muziki huo ni alama ya njia panda. Huwekwa pale sehemu moja inapokabidhi nyingine, na thamani yake inatokana na uchache wake.

Kwaya za Kyela zimekopa wazi kutoka kwenye sebene. Pambio huanza polepole, gitaa la solo likaingia, mwendo ukakazwa, na kanisa zima likasimama. Tofauti ni kwamba katika kanisa hata kwenye chemko maneno hayapumziki. Kiongozi anaita, kwaya inaitika, na kila wito una ujumbe mpya. Hapo uzito wa krashi unagusa imani yenyewe, kwa sababu mtu amekuja kusikia neno.

Tazama hesabu ya mstari mmoja. Wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika, wa mapigo manne kwa kila kipimo, humaliza kipimo kimoja kwa sekunde 2.4. Krashi nzito ikipigwa kwa nguvu huendelea kuvuma ikisikika wazi kupita muda huo, maana yake ni kwamba kipimo chote cha kwanza cha ubeti mpya huimbwa chini ya mvumo wake. Ongeza jengo. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Katika kanisa la urefu wa mita 30, mwangwi wa ukuta wa nyuma hurudi kwa mpigaji baada ya takribani sekunde 0.18, ukifuatiwa na wa mabati, wa sakafu na wa kuta za pembeni. Kila mwangwi huja na mvumo uleule.

Madhara yake hayaangukii sauti zote sawa. Irabu za Kiswahili na za Kinyakyusa ni imara. Hupenya hata kwenye kelele. Konsonanti ndizo zinazoumia. Nguvu ya s, sh, ch, f na t imekaa kwenye masafa ya juu, kuanzia karibu hezi 2,000 na kupanda, na hilo ndilo eneo ambalo toazi limejaa. Msikilizaji wa nyuma husikia kwamba watu wanaimba, husikia lahani, hata huweza kujua ni sauti ya kwanza au ya tatu, lakini hajui wimbo unasema nini. Vipaza sauti havimsaidii. Kipaza sauti cha mwimbaji aliyesimama mita mbili mbele ya drumu huchukua toazi pamoja na neno, na fundi mitambo akipandisha neno, toazi nalo linapanda. Akijaribu kupunguza masafa ya juu ili kulituliza toazi, anapunguza palepale zilipo konsonanti.

Kwa kanisa la kawaida la tambarare hii, basi, jibu limeegemea upande mmoja: krashi nyembamba, au ile ya kati inayokaribia wembamba. Kwa kukadiria, krashi ya inchi 16 iliyo nyembamba huwa kati ya gramu 850 na 1,000. Ya kati hufika 1,100 hadi 1,250. Ikivuka 1,300 imeingia kwenye uzito wa muziki wa viwanjani. Ya inchi 18 iliyo nyembamba huwa chini ya gramu 1,300 hivi, na inayokaribia wembamba huwa kati ya 1,300 na 1,500.

Gramu peke yake hudanganya kama upana haujatajwa. Eneo la toazi la inchi 18 ni kubwa kuliko la inchi 16 kwa zaidi ya robo, kwa hiyo krashi ya inchi 18 yenye gramu 1,270 ina unene unaokaribiana sana na wa ile ya inchi 16 yenye gramu 1,000. Mtu akizipima kwa mkono ataiita ya kwanza nzito, ilhali zote mbili ni nyembamba kwa kiwango kimoja. Hata maneno yaliyochapwa juu ya toazi yana mipaka yake. Matoazi mawili ya jina moja, kutoka kiwanda kimoja, huweza kupishana kwa makumi ya gramu, hasa yale yanayofuliwa kwa nyundo na kuchongwa kwa mkono. Baadhi ya watengenezaji huandika gramu kwa kalamu upande wa ndani, chini ya kitovu. Pasipoandikwa, mizani ndogo ya dukani inatosha kumaliza ubishi.

Kati ya 16 na 18, kwaya yenye uwezo wa kununua krashi moja tu inanufaika zaidi na ya 18 iliyo nyembamba au inayokaribia wembamba. Upana huipa sauti ya chini, inayokaa mbali na konsonanti zaidi kuliko mlio mkali wa toazi dogo lililo nene, na unene mdogo huifanya iondoke mapema. Kwaya yenye uwezo wa mbili ichukue 16 na 18 za unene unaofanana, ili ya kwanza ilie juu kidogo ya ya pili na zote ziamke kwa nguvu ileile ya mkono. Kuchanganya nyembamba na nzito humfanya mpigaji abadilishe nguvu kila anapohama upande, na kijana anayejifunza hawezi kulikwepa hilo.

Msiba na mkutano wa injili ni habari nyingine. Kwaya ileile iliyoimba Jumapili chini ya mabati huitwa katikati ya wiki kuimba chini ya turubai, au kwenye uwanja wa wazi ambako jirani wa karibu ni shamba la mpunga. Nje hakuna mwangwi, na krashi nyembamba sana huweza kumezwa na upepo kabla ya kuwafikia waliosimama barabarani. Huko, krashi ya uzito wa kati ina haki yake. Lakini mikutano ya nje siku hizi huwa na spika kubwa, na kipaza sauti kimoja kikiwekwa juu ya drumu hulipa toazi jembamba umbali wote linaohitaji. Ndani ya kanisa hakuna kifaa cha kulipunguzia toazi nene uzito wake. Wengine hulibandika utepe au kitambaa. Mvumo hufupika kweli, ila na mlipuko nao hufa, na kinachobaki ni mlio wa sufuria.

Hoja inayosikika kila mahali ni ya kudumu: zito halipasuki. Ina ukweli kiasi, kwa maana ukingo mwembamba huumia ukipigwa kwa hasira, tena kwa fimbo inayoingia moja kwa moja. Hata hivyo, matoazi mengi hufa kwa sababu ambazo uzito hauziponyi. Nati ikikazwa mpaka mwisho, bamba hushindwa kucheza na nguvu ya pigo hubaki ndani yake mpaka lipasuke. Mrija wa plastiki wa kwenye stendi ukipotea, chuma husaga tundu la katikati mpaka liwe na umbo la yai. Toazi likibebwa kwenye bodaboda ndani ya gunia tupu, ukingo hupata alama ndogo ambayo baada ya muda huwa ufa. Na krashi nzito, kwa kuwa hudai kupigwa kwa nguvu, hupata mapigo mabaya zaidi kuliko nyembamba inayofunguka kwa mguso wa pembeni, fimbo ikipita kama inayofagia.

Kuna pia hali ya hewa. Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, na ziwa lenyewe liko chini, karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto na unyevu hukaa pamoja. Shaba hubadilika rangi haraka, hasa palipoguswa na vidole vyenye jasho. Rangi hiyo si ugonjwa. Wapigaji wengi huipenda kwa kuwa hupunguza ukali kidogo. Kusugua toazi jembamba kwa mchanga au kwa waya wa kuoshea masufuria, ili ling'ae kwa ajili ya sikukuu, huliachia mikwaruzo na kuuharibu uso wake. Maji ya sabuni laini na kitambaa kikavu vinatosha.

Linalobaki ni namna ya kujaribu, na hapa maduka ya Mbeya au Kariakoo yanaweza kumsaidia au kumpoteza mnunuzi. Duka ni chumba kidogo kilichojaa bidhaa. Toazi zito hung'ara pale, kwa kuwa lina mlio wa kushangaza na hakuna anayeimba. Anayetumwa na kwaya asiende peke yake. Aende na mwimbaji, sauti ya kwanza ikiwezekana, kwa kuwa neno lake ndilo linalokaa karibu zaidi na masafa ya toazi. Toazi lifungwe kwenye stendi nati ikiwa imelegea. Lipigwe kwanza kwa nguvu ya ubeti wa taratibu, ile inayotumika mara nyingi zaidi. Lisipofunguka kwa nguvu hiyo, lirudishwe rafuni. Kisha mwimbaji aanze mstari wa wimbo ambao mwenzake haujui, palepale krashi inapolia, na mwenzake asimame mlangoni akisikiliza. Aulizwe mstari ulisema nini. Akiweza kuurudia kuanzia neno la kwanza, toazi hilo linafaa kwenda Ngonga, hata kama mkononi linaonekana jepesi kwa bei yake. Pesa itakayobaki inunue mirija ya plastiki, vitambaa vya felti na mfuko wenye sponji wa kulibebea.